Ijae, Isijae

Mimi ni fundi wa nguo. Cherehani yangu iko Kaptembwo, kwenye baraza ya kinyozi, na inatazamana na steji ya matatu, kwa hivyo mambo ya steji nayajua, hata yale ambayo nisingependa kuyajua. Nimeona watu wakinyang'anywa simu pale, nimeona wengine wakichumbiana, na nimeona mhubiri mmoja akinyeshewa mvua ya mawe na kukataa kumaliza. Lakini ninayetaka kusimulia habari zake ni Wamalwa, yule dereva wa matatu. Kuna wanaomwita kichwa ngumu na kuna wanaomfanya malaika, na wote wananiudhi, kwa kuwa hakuna hata mmoja wao aliyekaa hapa asubuhi zote akamtazama kama nilivyomtazama mimi.

Wamalwa alizaliwa katika nyumba za reli, mjini Nakuru. Baba yake alitoka Kimilili akiwa kijana, akaajiriwa kupanga mabehewa, na maisha yote ya nyumba yao yakafuata treni. Mama alibandika chai akisikia honi ya treni ya Kisumu. Watoto waliitwa kuoga ikipita ile ya mizigo. Aliwahi kuniambia kwamba hata alipoanza shule alidhani kila mtoto duniani ana treni yake ya kumwamsha. Kisha treni za abiria zikaisha moja baada ya nyingine, mzee akastaafu, akarudi nyumbani kulima mahindi, na kijana akajifunza kuendesha gari. Akaingia kazi ya matatu. Na matatu haina saa, ina kujaa.

Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa, lakini nitaeleza, kwa sababu hasira yangu yote iko hapo. Gari linashika laini, linangoja zamu, na haliondoki mpaka kiti cha mwisho kipate mtu. Abiria naye anajua hivyo, kwa hivyo haingii gari tupu. Anasimama kando akijifanya anasoma simu, akingoja wajinga wengine watangulie. Wote wakisimama hivyo, gari halijai hata Yesu arudi. Ndipo wenye magari wakatafuta wajazaji. Hawa ni watu wa kuketi tu. Wanaingia, wanafunga mkanda, mwingine anapakata hata mfuko wa sukuma wiki ili aonekane anatoka sokoni. Ukipita unaona gari limebakiza wawili, unaingia mbio. Ukishakaa, mmoja anakumbuka kitu alichosahau nyumbani, anashuka. Akija abiria mwingine, anashuka wa pili. Unabaki pale ukingoja wawili wale wale mpaka jua linapanda, na ukilalamika makanga, yule mwita abiria, anakuambia, "Mathe, kawia ufike." Aliyesema kawia ufike hakuwa na miadi hospitalini.

Kila dereva wa laini ile alikuwa na wajazaji wake, na Wamalwa pia alikuwa nao. Hakuwa mtu mbaya. Ilikuwa kazi, na kazi ilifanywa hivyo.

Mkewe aliitwa Nangila. Alikuwa mpole kupita kiasi, mtu wa kumwomba radhi aliyemkanyaga. Alipougua, ilikuwa saratani ya titi, nayo ikaenda mpaka kwenye mifupa, na mashine ya mionzi aliyoandikiwa ilikuwa Nairobi. Kwa barabara hakuweza tena. Kila tuta la lami lilimtoa machozi. Bahati yake, mwaka ule treni ya abiria ilikuwa imerudi, ile inayotoka Nakuru asubuhi ikapita Gilgil na Naivasha, na huko ikaunganisha na ya Nairobi. Aliisafiria mara moja kwenda kupimwa, akarudi akitabasamu. "Mama Natalie," akaniambia, "nimelala hadi Naivasha kama mtoto. Reli haina matuta."

Siku ya mashine, Wamalwa alikuwa ameshika laini mjini tangu alfajiri, na ukitoka kwenye laini umepoteza zamu yako ya asubuhi nzima. Kwa hivyo alimwomba mwenzake, Karanja, ambaye gari lake lilikuwa la kwanza pale steji yetu, amfikishe Nangila stesheni. Karanja aliitikia, na naamini alimaanisha. Pikipiki isingewezekana kwa mifupa ile. Nangila akaja akitembea polepole, amevaa sweta la kijani nililomrekebishia mikono, akatazama ndani ya gari, akaona limebaki kidogo tu lijae. Akaingia. Nilimpungia mkono, akanipungia.

Gari halikuondoka. Alishuka huyu, akaingia yule. Nilikuwa nikitia uzi kwenye sindano niliposikia honi ya treni kutoka upande wa mjini, nikainua kichwa, nikamwona Nangila naye ameinua kichwa, uso wake dirishani. Hakupiga kelele. Natamani angepiga. Ningekuwa mimi, steji ile ingefungwa siku hiyo. Gari liliondoka baadaye, naye akafika stesheni akakuta wafagiaji. Hospitali ikampa tarehe nyingine, ya mbali, kwa kuwa foleni ya mashine ile ni ndefu na kila aliye kwenye foleni ni mgonjwa kama yeye. Hakuifikia tarehe hiyo. Tulimzika Kimilili mahindi yakiwa yanatoa ndevu.

Waliporudi kutoka mazishini, Wamalwa alimwendea Karanja akamuuliza ilikuwaje. Karanja hakudanganya. "Ndugu yangu, si unajua tu. Ile gari haikuwa imejaa. Wengi walikuwa wa kuketi."

Wamalwa hakumpiga. Angempiga ningemshikia koti. Alivuka barabara akaja kwangu, akakaa kwenye kile kistuli cha wateja, akanitazama nikishona.

"Mama Natalie," akasema, "saa hiyo hiyo mimi nilikuwa town na watu wangu wa kuketi ndani ya gari. Nilikuwa naambia watu imebaki wawili. Saa hiyo hiyo."

Kisha akalia, mtu mzima, mabega yakitikisika, na watu wakipita. Niliendelea kushona mshono ambao tayari nilikuwa nimeushona, kwa sababu mikono ilikataa kusimama.

Wiki ile alikwenda kwa Kinyanjui, mwenye magari. Kinyanjui ni mfanyabiashara, anapenda gari lijae kama mkulima anavyopenda mvua, lakini si mtu wa roho mbaya, na Wamalwa alikuwa amemfanyia kazi miaka mingi bila kugonga hata mbuzi. Wamalwa hakuomba mengi. Aliomba apewe basi moja dogo asubuhi, litoke Kaptembwo liende moja kwa moja stesheni, liondoke kwa saa ya treni na si kwa kujaa. Kinyanjui akamwambia watu wetu hawajui gari la saa. Wamalwa akasema watajifunza. Wakabishana, mwishowe Kinyanjui akampa hadi Pasaka. Ikifika Pasaka na basi bado linatembea tupu, lingerudi kwenye laini ya mjini pamoja na mengine, na Wamalwa asimtajie tena habari ya treni.

Mimi ndiye niliyemshonea kitambaa cha kuweka kwenye kioo cha mbele. Kitambaa cha bluu, herufi nyeupe: STESHENI. SAA KUMI NA MBILI NA NUSU. IJAE ISIJAE.

Asubuhi ya kwanza watu walikuwa wengi pale steji, wengine wamebeba mabegi ya kwenda Naivasha kwenye mashamba ya maua. Walisoma kitambaa. Wakalitazama basi, likiwa tupu, wakasimama kando na simu zao. Saa ilipofika Wamalwa akafunga mlango akaondoka. Basi zima, dereva peke yake, taa za ndani zikiwaka juu ya viti vitupu.

"Kwani ameenda?" mwanamke mmoja akauliza.

"Ameenda," nikasema kutoka kwa mashine yangu. "Si imeandikwa? Ama mnataka niwasomee?"

"Sasa ameenda na nani?"

Wakaingia matatu iliyofuata, wakangoja ijae, na treni ikalia wakiwa bado wanangoja.

Ikawa hivyo asubuhi baada ya asubuhi. Makanga walimfanya wimbo. "Niaje mzee, leo unapelekea treni hewa?" "Buda, hiyo gari umebeba mapepo?" Hakuwajibu. Wajazaji walimwendea, wakamwambia angalau awaweke wachache mbele, watu wakiona vichwa wataingia, maana haba na haba hujaza kibaba. Hapo alijibu. Alisema ndani ya gari lake hakuna atakayeketi kama haendi popote. Jioni alikuwa akipita kwangu kuchukua kitambaa nilichomfulia, na nilimwona amekonda, shati linamning'inia. Nilimhurumia na pia alinikasirisha. Nilimuuliza kama anafikiri basi tupu litamrudisha Nangila.

"Halitamrudisha," akasema. "Lakini lingemfikisha."

Wa kwanza kuingia alikuwa Cheptoo, msichana anayefunga maua Naivasha. Alikuwa ameonywa na msimamizi wake kwamba akichelewa tena asirudi. Alikaa peke yake katikati ya basi kama bibi harusi asiye na wasimamizi, amekumbatia begi lake, watu wakimtazama kwa dirisha. Siku hiyo aliipata treni, na siku iliyofuata, na jioni akarudi akawaambia majirani. Wakaja wawili, kisha watatu. Halafu akaja Mama Akeyo, mjane mzee mwenye sukari, ambaye kila Alhamisi alikuwa akienda Gilgil kusafishwa kidonda cha mguu. Huyo hakukimbia wala kungoja. Alikuwa ameambiwa saa, basi alitoka kwake akiipimia saa hiyo, akafika inapofika. Hata hivyo, Pasaka ilipokaribia viti vingi vilikuwa bado vitupu, na Kinyanjui alikuwa ameanza kuuliza.

Siku moja, Wamalwa akiwa amesharudi kutoka stesheni, alikuja Maxwel. Maxwel ni mtu mzima, ana mke na watoto, na kwa miaka alikuwa mjazaji. Ndiye huyo wa mfuko wa sukuma wiki. Tulikuwa hapa barazani, Wamalwa akinywa chai.

"Mimi sina kazi ya kuketi," Wamalwa akamwambia kabla hajasalimu.

"Si kazi nataka, mzee. Nataka kukuambia kitu." Akasimama akikunja kofia yake. "Ile siku ya mama, nilikuwa kwa hiyo gari. Nilikuwa nimeketi na yeye, kiti kimoja."

Wamalwa akaweka kikombe chini.

"Aliniuliza kama na mimi naenda treni. Nikasema ndio, naenda Naivasha. Akafurahi, akasema basi tutashuka pamoja, nimsaidie na ngazi za treni. Alikuwa amebeba nduma za kuchemsha kwa karatasi. Akanigawia. Alisema safari ni refu, nitasikia njaa." Akaikunja kofia tena. "Nikakula, mzee. Halafu makanga akanionyesha na kidole, nikashuka."

Kinyozi alizima mashine yake. Mimi nilitamani kumrushia Maxwel pasi, na nilitamani pia aendelee, ili tusikie neno jingine moja la Nangila.

"Alisema nini ingine?" Wamalwa akauliza.

"Alisema tu, 'Unarudi, si ndio?' Nikasema narudi."

Wamalwa alikitazama kikombe chake. "Alikuwa hivyo," akasema mwishowe. "Sijui nikuambie nini, Maxwel. Enda tu."

Maxwel akaenda. Tangu siku hiyo sikumwona tena ndani ya gari akiketi. Nilisikia alikuwa akibeba mawe kwenye mjengo, kisha nikasikia Cheptoo amemsemea kwa msimamizi wake kule Naivasha, na kwamba ametakiwa afike Alhamisi kabla ya Pasaka. Ilikuwa kazi ya kudumu, ya kwanza maishani mwake. Cheptoo alimwonya mbele yangu: anayekosa kufika siku ya kwanza, nafasi yake inapewa aliyesimama getini.

Alhamisi ile ndiyo iliyokuwa pia siku ya mwisho ya muda aliopewa Wamalwa, na Kinyanjui alikuja mwenyewe kuona. Alisimama karibu na cherehani yangu, mikono mfukoni. Watu walikuwa wengi ajabu, wa mashamba ya maua na wa kwenda nyumbani kwa sikukuu, na kwa mara ya kwanza niliona jambo ambalo sikutarajia kuliona Kaptembwo: waliingia basi likiwa tupu. Hawakusimama kando. Walijua litaondoka. Viti vilijaa hata kabla ya saa, na Wamalwa hachukui mtu wa kusimama, kwa kuwa ni kinyume cha sheria na polisi wa njiani hawasahau Pasaka. Maxwel alikuwa amekaa kiti cha karibu na mlango, amevaa shati safi, begi magotini.

"Maxwel, leo unamjazia nani?" makanga mmoja akamchokoza.

"Leo naenda," akasema.

Basi watu wakaanza. "Dere, imejaa! Twende!" Wakagonga mabati. Kinyanjui naye, mazoea ni kitu kibaya, akapaza sauti: "Wamalwa! Imejaa, toa gari!"

Wamalwa akatoa kichwa dirishani. "Saa haijafika, boss."

"Unangoja nani na hakuna kiti?"

"Singoji mtu. Nangoja saa. Kuna mtu ako njiani anajua hiyo saa."

Wakamtukana kidogo, wakanung'unika, mmoja akasema wazimu umemrudia. Nami nikaona, kule mwisho wa barabara kwenye kibanda cha makaa, fimbo na mguu uliofungwa bandeji. Mama Akeyo alikuwa anakuja kwa mwendo wake. Ilikuwa Alhamisi. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba Pasaka hujaza gari.

Alifika mlangoni akihema. "Nimechelewa, baba?"

"Hujachelewa, mama," Wamalwa akasema, na nikaona uso wake umebadilika rangi. "Umekuja kwa saa. Ni viti vimeisha."

Hapo watu wote ndani ya basi wakakumbuka simu zao. Nilizitazama zile nyuso zilizoinama, nikajiambia ni yale yale, tumehama kutoka nje tukaingia ndani. Ndipo nikasikia mkanda ukifunguka. Maxwel alisimama na begi lake.

"Mathe, keti hapa."

Wamalwa akamtazama kwa kile kioo cha juu. "Maxwel. Leo ni siku yako ya kwanza."

"Najua, mzee."

"Hiyo kazi watapatia mtu mwingine."

"Najua." Akamshika Mama Akeyo mkono, akampandisha ngazi, akamfunga mkanda kama mtu anayemfunga mtoto wake, kisha akashuka. Saa ilikuwa imefika. Akafunga mlango, akaondoka.

Mimi niliangaza macho kutafuta pikipiki. Siku nyingine zinatugonga miguu, siku ile hata moja. Zote zilikuwa zimebeba watu wa Pasaka. Matatu iliyokuwa kwenye laini ilikuwa na wajazaji watatu na makanga anayeita wawili wawili. Maxwel aliitazama, hata hakuisogelea. Alikuja akakaa kwenye kistuli changu, begi magotini vile vile. Kinyanjui alisimama pale akikuna shingo. "Wacha liendelee," akasema, sijui akiniambia mimi ama akijiambia yeye, akapanda gari lake akaenda zake. Basi la Wamalwa bado linatoka kila asubuhi.

Baadaye honi ya treni ikalia upande wa mjini. Maxwel akainua kichwa.

"Mathe ameipata?" akaniuliza.

"Ameipata," nikamwambia. "Basi lilishafika kitambo."

Akaitikia kwa kichwa. Akainama juu ya begi lake akalia, na safari hii nilisimamisha mashine. Nafasi yake ilipewa mtu mwingine asubuhi hiyo hiyo, Cheptoo alituambia.

Wamalwa alirudi akaegesha basi, akavuka barabara. Alisimama mbele ya Maxwel, kisha akavuta debe la rangi lililokuwa pale, akakaa karibu naye. Mugure, mama wa chai, alikuwa akipita na birika.

"Umekunywa chai?" Wamalwa akamuuliza Maxwel.

"Bado, mzee."

"Mama Mugure, tuwekee vikombe viwili," akasema. "Na huyu umletee na nduma."